Leo Hutoki Nje

Adhabu ya kufungiwa chumbani niliiona kwenye filamu miaka mingi kabla sijaiona katika nyumba yoyote ya Singida. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kwenye kibanda cha video jirani na kwetu Majengo. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Ndani kulikuwa na mabenchi, madirisha yamezibwa kwa magunia, na televisheni moja juu ya meza pamoja na deki yake. Kwa kawaida tuliwekewa ngumi za Wachina na risasi za Wamarekani. Siku hiyo tukawekewa Home Alone, filamu ya mwaka 1990 iliyoandikwa na John Hughes na kuongozwa na Chris Columbus.

Wengi wanaikumbuka kwa mitego ambayo Kevin aliwategea wale wezi wawili. Mimi nilinaswa na kinachotokea kabla ya hapo. Ndugu na binamu wamejaa nyumbani, kesho yake wana safari ya Paris, na usiku huo wanakula piza. Kevin, mtoto wa miaka 8, anachokozwa na kaka yake Buzz, anamvamia, na vinywaji vinamwagika mezani. Ukoo mzima unamgeukia yeye. Mama yake anampandisha ngazi hadi juu kabisa ya nyumba, anamwambia atalala huko, kisha anafunga mlango.

Kibandani tulikuwa kimya, hadi kaka mmoja aliyeketi nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Kosa lote lile, ndiyo anapewa chumba?" Hakuna aliyemjibu. Nyumbani kwetu watoto tulilala chumba kimoja, wengine kitandani, wengine kwenye mkeka, na mgeni akija tulibanana zaidi. Chumba kilikuwa mahali pa kulala tu. Maisha yetu yalikuwa uani, kisimani, njiani, juu ya yale majabali yaliyotapakaa mji mzima, na kandokando ya Ziwa Singidani. Mzazi angemwambia mtoto akae chumbani siku nzima, angekuwa amemfukuza pia mama, aliyekuwa akijifungia humo kubadilisha kanga.

Na kuwapo kwetu kibandani kulikuwa kosa tayari. Wazazi walivikataza vibanda vya video kwa sababu ya lugha chafu, moshi wa sigara, na shilingi 50 ambazo mara nyingi zilikuwa chenji ya mafuta ya taa. Aliyefumwa akitoka humo alijua kinachomngoja: fimbo, kisha ndoo. Fimbo iliisha mapema, ndoo hazikuisha upesi. Ulichota maji mpaka pipa lijae, ukasugua masufuria ya ubwabwa wa jana, ukafagia ua mzima huku wenzako wakipita barabarani wakielekea kiwanjani. Adhabu yetu ilikuwa ya kazi, nayo ilifanyika hadharani. Kila aliyepita alikusalimia, akauliza umefanya nini, akakupa neno lake.

Wakati wa likizo tulipelekwa kwa bibi upande wa Ilongero. Bibi aliishi kwenye tembe, ile nyumba ya paa la udongo lililo bapa ambayo Wanyaturu na Wagogo waliijenga kwa vizazi vingi. Huko mkosaji alipelekwa shambani kuamia ndege. Uwele ukishatoa masuke, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu huliwa likabaki mabua. Ulipanda kwenye dungu alfajiri, na kombeo lako na rundo la mawe, ukakaa juu ya miti iliyofungwa kwa kamba za magome. Kundi likitua upande wa mashariki ulipiga kelele, ukarusha jiwe, ndege wakainuka na kutua magharibi. Mchana jua la Singida halina huruma. Hata hivyo, mtoto wa dungu la jirani alikuwa anakusikia. Mliitana, mkapashana habari, mkaimba kwa kupokezana. Ilikuwa adhabu, na ilikuwa pia kazi ambayo mtoto asiye na kosa angeifanya kesho yake.

Katika adhabu zote hizo, za mjini na za kijijini, alikuwapo mtu wa tatu, na huyo ndiye ninayemkumbuka kuliko fimbo. Baba akishakasirika, ulikimbilia nyuma ya bibi. Bibi alisimama katikati, akashika kanga yake kiunoni na kusema, "Mwanangu, kama ni kupiga, anza na mimi." Baba hakuweza kuendelea. Asipokuwapo bibi, alikuwapo shangazi au mama wa nyumba ya pili, ambaye angepiga hodi akijifanya anaazima chumvi, akakaa mpaka hasira zipoe. Alimwombea mtoto msamaha, mzazi akasamehe bila kuonekana ameshindwa. Kisha usiku, tukiota moto jikoni, bibi alirudi kwenye lile kosa. Aliuliza pole pole hela ilikuwa ya nani, na ilikuwa inunue nini. Maneno yake yalichukua muda mrefu kuliko fimbo ya baba, na ndiyo yaliyobaki.

Wakati huo televisheni ilikuwa bado jambo jipya kwetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo ITV ikaanza, na televisheni ya taifa ikaja mwaka 2000. Singida, nyumba yenye seti iligeuka ukumbi wa mtaa. Tuliacha ndala mlangoni, tukakaa chini, na mwenye nyumba akapata adhabu mpya ya kumpa mwanawe: "Leo huangalii." Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza adhabu ya kunyimwa badala ya adhabu ya kutumwa. Ilimuuma zaidi kwa sababu sisi wa jirani tuliendelea kutazama sebuleni kwao, naye akiwa uani.

Miaka ya 2000 zikaja filamu za Nigeria. Mwaka 2002 ilitoka Aki na Ukwa, na Chinedu Ikedieze na Osita Iheme, watu wazima wenye maumbo madogo, wakawa watoto watundu wa Afrika nzima. Hapo tulijiona. Huko kosa la mtoto ni la kijiji kizima: mwenye kuku anakuja kulalamika, mwenye embe anakuja, mzee anaketi kusikiliza, na adhabu inapita mbele ya macho ya watu. Mama zetu, ambao hawakuwa na muda na filamu za Wazungu, walizitazama hizi hadi mwisho, na walizungumza na mzazi wa kwenye kioo kana kwamba ni jirani yao.

Baadaye zikaja zetu wenyewe. Steven Kanumba, kijana wa Shinyanga, mkoa tunaopakana nao, alikuwa na jicho la kuona thamani ya watoto kwenye filamu. Katika Uncle JJ ya mwaka 2010 aliigiza na watoto wawili ambao nchi nzima iliwajua kwa majina ya Jennifer na Patrick. Nadhani hakuna nyumba ya Singida yenye deki ya CD ambayo haikuwaona. Lakini nyumba za filamu za Bongo zilikuwa za geti, sofa kubwa, ngazi za vigae, na kila mtoto na mlango wake. Mzazi wa humo alinyoosha kidole na kusema, "Nenda chumbani kwako!" Maneno ya mama yake Kevin yakawa yanasemwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyeshangaa tena.

Hakuna aliyeshangaa kwa sababu nyumba zetu nazo zilikuwa zimeanza kubadilika. Mazao ya alizeti na vitunguu yaliezeka mabati nyumba nyingi za mkoa huu, na ramani za siku hizi zinaanza na masta, vyumba viwili vya watoto, sebule, jiko la ndani na fensi. Umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, umefika vijiji ambavyo sisi tulivijua kwa koroboi. King'amuzi kimemtoa jirani sebuleni kwa watu, kwa sababu kila mtu anacho chake, na simu imemtoa mtoto sebuleni kwao wenyewe. Kisima kimekuwa bomba la uani, kwa hiyo hata zile ndoo za adhabu zimepungua.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili, na inataka adhabu yoyote ilingane na umri wa mtoto na uwezo wake wa kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Nimefurahi sana kuiona siku hii. Nilisoma na watoto waliokuja darasani hawawezi kuketi, na hakuna nilichojifunza kwao isipokuwa woga. Fimbo iliyopungua haina wa kuililia.

Kwa hiyo wazazi wa rika langu tumekuwa wazazi wa filamu. Tunasema, "Leo hutoki nje." Tunasema, "Lete simu." Mlango unafungwa, nyumba inatulia, tunaendelea na kazi zetu. Ni adhabu safi, haina sauti na haiachi alama. Ndiyo maana nimezitazama tena zile filamu, nikitafuta nini kinaendelea baada ya mlango kufungwa.

Katika Home Alone, mama yake Kevin akigundua angani kwamba mtoto amebaki, hapumziki tena. Kutoka Paris anapanda ndege hadi Marekani, anakwama, anaingia kwenye gari la wapiga muziki asiowajua, anasafiri usiku kucha, na asubuhi ya Krismasi anasimama mlangoni na kumwomba mwanawe msamaha. Filamu nzima ni safari ya mama kurudi kwenye mlango alioufunga. Katika The Parent Trap ya mwaka 1998, wasichana wawili wanaogombana kambini wanatengwa pamoja kwenye kibanda kimoja, na humo, kwa kukosa mtu mwingine wa kuzungumza naye, wanagundua kuwa ni mapacha. Lindsay Lohan, aliyewaigiza wote wawili, mwaka 2003 akaigiza Freaky Friday, na humo mama anafanya kinyume kabisa: anaung'oa mlango wa chumba cha binti yake. Hata yeye haponi mpaka amejikuta katika mwili wa mwanawe na kuyaishi maisha yake.

Waandishi wa filamu hizo wanajua jambo moja ambalo bibi yangu, asiyewahi kuingia kibanda cha video, alilijua pia. Adhabu ni nusu ya kwanza tu ya shughuli. Nusu ya pili ni mtu mzima kumfuata mtoto alipo na kulizungumza kosa. Kule kwao, ambako nyumba ni ya baba, mama na watoto peke yao, mzazi mwenyewe hulazimika kupanda ngazi. Kwetu safari hiyo ilifanywa na bibi, shangazi au jirani. Fensi imemzuia jirani, bibi yuko Ilongero, shangazi yuko Dar es Salaam. Tumeipokea adhabu ya chumbani, na wakati huo huo tumempoteza mwombezi. Mtoto anabaki ndani na kosa lake, bila wa kumwombea na bila wa kumwelewesha, na saa zikitimia anatoka akiwa amejifunza kusubiri tu.

Wala kumweka mtoto ndani si jambo geni Tanzania. Wazaramo wa Pwani walimweka mwali ndani kwa muda mrefu, lakini hakuwekwa kwa ajili ya kosa, na hakuachwa mpweke. Wanawake wakubwa waliingia na kutoka, wakimfunda. Ndani palikuwa mahali pa maneno mengi kuliko nje.

Binti yangu ana miaka 12, na amezuiwa kutoka zaidi ya mara moja. Mwezi uliopita alidanganya kuhusu mahali alipokuwa baada ya masomo. Niliichukua simu yake, nikamwambia atakuwa nyumbani hadi Jumapili, nikamtajia kosa na siku ya mwisho. Jioni, simu yangu ikaita. Alikuwa dada yangu wa Dar es Salaam, amepata habari kwa njia anazozijua mwenyewe. "Kaka, shikamoo ya mtoto naomba niipokee mimi leo," akasema. Nikampelekea binti simu chumbani, nikarudi sebuleni. Walizungumza mpaka chaji ikaanza kulia. Aliporudisha simu alikuwa amelia, na ndipo aliponieleza, bila kuulizwa, kwamba alikuwa kwa rafiki aliyefiwa na alihofia ningemkatalia. Shangazi akaniomba nipunguze hadi Ijumaa, nikapunguza.

Hii sasa ndiyo desturi ya nyumba yangu. Anayeadhibiwa anaambiwa kosa na mwisho wa adhabu, na shangazi, babu au mama mdogo ana haki ya kumwombea, nami nina wajibu wa kusikiliza. Usiku wa siku hiyo mmoja wetu, mimi au mama yake, anaingia, anaketi kitandani, na hatoki mpaka wamezungumza. Ningependa kuiona filamu ya Kitanzania inayoonesha hivyo: nyumba ya siku hizi, mtoto yuko chumbani kwake, na bibi ameshuka kwenye basi kutoka Ilongero na kuku mkononi, anapita sebuleni bila kuketi na kuuliza chumba cha mjukuu ni kipi. Waigizaji tunao, na mabibi wa namna hiyo Singida bado wapo. Tuwaite waje, na wakifika tuwafungulie.