Pine za Namba Mbili Njia ya Muyinga

Tulitoka Gitega, mji mkuu wa siasa tangu 2019, tukirudi Muyinga na mtoto aliyeruhusiwa hospitali. Tulikuwa wanane ndani ya Probox. Kwenye teremko la mto Ruvubu tukaona dereva amekaza usukani, gari linavuta kulia tu, upande wa mtaro. Akishika breki ndiyo zaidi.

Karuzi tukashuka, tukainama kuangalia. Pine ya mbele kushoto imeandikwa 165/80 R14, ya kulia 185/65 R14. (Namba ziko ubavuni, hata asiyejua kusoma anaweza kuona kama zinafanana.) Rimu ni sawa, lakini ile ya kulia ni fupi kwa sentimita 2 na kitu. Basi kila kilomita inazunguka kama mara 20 kuliko mwenzake. Meno ya difu, kazi yake ni kwenye kona, hapo yanasagana hata barabara ikinyooka, na oili inapata moto. Tena gari linaelemea upande wa pine fupi.

"Mama, zote ni 14, hakuna shida," dereva akasema.

Mama mmoja akamjibu: "Mwanangu, wewe unaweza kuvaa kiatu kimoja namba 40 na kingine 42?"

Tulicheka, ila hatukupanda. Pine yenyewe ilikuwa nyuma, imetoboka, pesa ya kuziba hana. Tukachanga. Saa nzima tulikaa kwa fundi, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake. Muyinga tulifika giza limeingia, dereva anaendesha kwa mkono mmoja.