Kukës: Mkoa wa Milima Uliowapokea Wageni

Ulaya ikitajwa, wengi wetu hukumbuka London, Paris au theluji ya Uswisi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika bara hilo mna milima ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu tangu enzi za Dola ya Uthmaniya, nao si wahamiaji bali ni wenyeji wenye ardhi yao. Juma hili tunawachukua wasomaji wetu hadi katika mojawapo ya nchi hizo za milimani, mkoa wa Kukës, kaskazini mashariki mwa Albania.

Mkoa huu una ukubwa wa kilomita za mraba 2,374 na umegawika sehemu tatu: Kukës yenyewe, Has na Tropojë. Kwa upande wa mashariki umepakana na Kosovo, kaskazini na Montenegro, na kusini mashariki na Masedonia Kaskazini. Ardhi tambarare ni haba. Mlima Gjallica, wenye urefu wa mita 2,489, umeuinamia mji wa Kukës, na kule Tropojë imejipanga milima ambayo Waalbania wenyewe huiita Milima Iliyolaaniwa. Jina hilo linatisha, lakini bonde la Valbona lililomo ndani yake ni miongoni mwa mahali pazuri mno katika Balkani. Mito miwili, Drin Mweusi unaotoka katika ziwa la Ohrid na Drin Mweupe unaotoka Kosovo, hukutana karibu na mji wa Kukës na kuendelea kama mto mmoja.

Hapo mitoni ndipo ulipokuwa mji wa kale na soko lake. Leo huwezi kuuona, kwa kuwa uko chini ya maji. Serikali ya kikomunisti ya Enver Hoxha ilijenga bwawa kubwa la Fierza, likakamilika mwaka 1978, na ziwa lililotokea likaumeza mji mzima. Wakazi walihamishiwa juu, kwenye uwanda ulio karibu, ambako mji mpya ulijengwa kwa majengo ya ghorofa yanayofanana. Mitambo ya Fierza ina uwezo wa megawati 500, na pamoja na mabwawa mengine yaliyo chini yake kwenye mto uo huo, huipatia Albania sehemu kubwa ya umeme wake. Nchi nzima ilipata mwanga. Watu wa Kukës walitoa nyumba zao.

Hilo halikuwa pigo lao la kwanza. Mwaka 1913 mataifa makubwa ya Ulaya, yakiwa yamekaa London, yalichora mpaka wa Albania, na mstari huo ukawatenga watu hawa wa milimani na masoko yao ya asili, Prizren na Gjakova. Sisi tuliopakana na majirani kwa mistari ya namna hiyo hiyo hatuhitaji kuelezwa maana yake. Prizren iko takriban kilomita 40 tu kutoka Kukës, lakini chini ya ukomunisti ilikuwa mbali kama nyota. Hata jamii ndogo ya Wagora, Waislamu wasemao lugha ya Kislavoni na wenye sifa ya kutengeneza vitamu, ilijikuta baadhi ya vijiji vyake viko upande huu na vingine upande wa pili.

Kisha mwaka 1967 dini zote zilipigwa marufuku. Misikiti na makanisa yalifungwa, na mwaka 1975 ikatolewa amri ya kubadilisha hata majina yaliyonasibishwa na dini. Makao makuu ya Tropojë, hata hivyo, yaliendelea kuitwa Bajram Curri, kwa heshima ya mpiganaji aliyekufa mwaka 1925 huko huko katika bonde la Valbona. Bajram ni neno lililotoka kwa Waturuki, na maana yake ni Idi. Basi nchi ilikataza Idi ikaacha mji mzima uitwe Idi. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1990.

Lakini lililoutangaza mkoa huu duniani ni msimu mmoja tu, wa mwaka 1999. Mwishoni mwa mwezi Machi, majeshi ya Serbia yalipokuwa yakiwafukuza Waalbania wa Kosovo, kituo kidogo cha mpakani cha Morinë kilianza kupitisha misururu ya matrekta. Juu ya matela walijazana wazee, wanawake na watoto chini ya maturubai. Wengi walikuwa wamenyang'anywa vitambulisho vyao, na magari yao kung'olewa nambari, ili kesho na keshokutwa wasiweze kuthibitisha walikotoka. Katika muda wa miezi mitatu Albania ilipokea zaidi ya watu 400,000, na sehemu kubwa yao waliingia kupitia Kukës, mji ambao wakazi wake hawakutimia 30,000.

Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa iliyo maskini kabisa katika nchi iliyokuwa miongoni mwa maskini kabisa za Ulaya. Mashirika ya kimataifa yalipiga mahema, na Falme za Kiarabu zikaweka kambi kubwa, hospitali na hata njia ya ndege. Lakini kabla ya mahema kutosha, wenyeji walikuwa wamekwisha kufungua milango. Familia zililala chumba kimoja ili chumba cha pili kiwe cha wageni, wasiowajua kwa jina wala kwa sura. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; wageni wa Kukës walikaa majuma na miezi, na wengi hawakurejea kwao mpaka mwezi Juni majeshi ya Serbia yalipoondoka. Mwaka uliofuata mji huo ulipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Haukuipata.

Njia ya kufika huko ilikuwa adha. Reli haikupata kufika mkoani humu. Barabara ya kale ilizunguka milima kwa zaidi ya saa sita toka bandari ya Durrës hadi mpakani. Mwaka 2009 ilifunguliwa barabara kuu mpya, iitwayo Barabara ya Taifa, pamoja na handaki la takriban kilomita 5.6 linalotoboa mlima huko Kalimash, na safari ikapungua hadi chini ya saa tatu. Serikali ilipoanza kutoza yuro 5 kwa gari mwaka 2018, watu wa Kukës waliandamana na vibanda vya kutozea vikachomwa moto. Hatimaye kiwango kikashushwa hadi yuro 2.5. Kuchoma moto hatukusifu, ila yafaa kufahamu kwamba kwao barabara hiyo ndiyo njia ya hospitali kuu, chuo na soko.

Anayependelea njia ya maji aingie Tropojë kwa kivuko cha ziwa la Koman. Chombo hupita kwa takriban saa tatu baina ya kuta za majabali, na mara nyingine msafiri hudhani njia imekwisha, kisha mlima hujifungua. Uwanja wa ndege nao upo, umepewa jina la Sheikh Zayed kwa kuwa ulijengwa kwa fedha za Falme za Kiarabu. Ulikamilika kisha ukakaa kwa miaka mingi bila abiria, hadi safari za kibiashara zilipoanza mwaka 2021.

Wakati njia zote hizi zikifunguka, watu wanaondoka. Sensa ya mwaka 2001 ilihesabu kiasi cha watu 111,000 mkoani. Ya mwaka 2023 iliwakuta zaidi kidogo ya 60,000. Wengine wameshuka Tirana, na vijana wengi wa Kukës na Has wamekwenda Uingereza, baadhi yao kwa mashua ndogo katika mkondo wa bahari utokao Ufaransa. Kila kiangazi foleni za magari ya watu wa Kosovo hupita Morinë na kuingia handakini, wakienda kuoga baharini Durrës, na miongoni mwao wamo waliopita hapo mara ya kwanza wakiwa watoto juu ya matela.