Tangi la Mtumba

Mwaka jana niliua samaki watatu kwa sabuni ya unga. Si kwa ubaya. Bakuli lao la kioo lilikuwa limeshika ukoga wa kijani, nami nimelelewa na mama anayeamini kwamba kitu kisichonukia sabuni hakijaoshwa. Nikasugua, nikasuuza mara mbili, nikawarudisha. Asubuhi wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Walikuwa wa mpwa wangu. Mamake alimnunulia wiki moja kabla ya kupanda ndege kwenda Doha kufanya kazi za nyumbani. Aliniachia mtoto hapa Umoja, sanduku la nguo, na hao samaki. “Waangalie pamoja,” alisema, na sikujua kama anaongea na mimi au na mtoto.

Mtoto alipotoka shule nilimwambia samaki wamepelekwa Naivasha, kwa ziwa, wakue. Akaniuliza wamefika aje. Nikasema wamepanda matatu. Alikuwa na miaka sita. Akanyamaza.

Sasa ana saba, na mwezi uliopita akaomba wengine. Tangi jipya siliwezi. Nikapata la mtumba kwa kundi la WhatsApp la mtaa: jamaa wa Donholm anahama, anauza 2,500. Sentimita 60 kwa 30 kwa 36, lita kama 65. Nilipofika nikamuuliza samaki wake walikufa na nini.

Akakuna kichwa. “Walitoka vidoti vyeupe, kama chumvi. Wakaisha mmoja mmoja.”

Huo ni ugonjwa, na unaambukiza. Alikuwa amenipa changarawe na sifongo ya kichujio bure. Nikamwachia.

Jumamosi tukalipandisha tangi juu kwa paa, penye hewa. Mpwa wangu akaja mbio na karai, na ndani ya karai, pakiti ya sabuni.

“Hiyo rudisha.”

“Kwani linaoshwa na nini?”

Maji matupu kwanza, na sifongo mpya ambayo haijawahi kuosha sahani. Kisha siki nyeupe, nusu kwa nusu na maji, kwa ule mstari mweupe wa chokaa ya maji ya kisima. Unalowesha kitambaa, unakilaza juu yake robo saa, halafu unakwangua kwa wembe ulioulaza. Kona usiziguse na wembe. Ule mpira wa silikoni ndio unaoshika vioo. Ukiukata, jiandae kumpangusia jirani wa chini sakafu.

Tukasuuza mpaka harufu ya siki ikaisha kabisa. Hapo sikuwa na mzaha, kwa sababu kilichofuata ni jik, na siki ikikutana na jik inatoka gesi ya klorini, sumu ya mapafu. Nikamwambia asimame mbali, nikavaa glavu. Jik ya kawaida isiyo na marashi, kikombe kimoja kwa vikombe 20 vya maji, nikapaka kila mahali, tukasubiri dakika kumi na tano.

“Na sabuni ina shida gani?” akauliza. Tulikuwa tumeketi juu ya mitungi, tukiangalia nguo za watu zikipepea.

“Haitoki yote hata ukisuuza. Inatoa ule ute wa kwa ngozi ya samaki, inaharibu matamvua anayopumulia. Anakosa pumzi na yuko ndani ya maji.”

Akafikiria.

“Anti, wale wa Naivasha uliwaoshea na nini?”

Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na dakika kumi.

“Sabuni,” nikasema.

“Nilijua. Niliona mmoja kwa pipa.” Hakuwa analia. Alikuwa anakwaruza mfuniko wa mtungi kwa ukucha. “Sikumwambia mum. Angekugombeza.”

Mwaka mzima mtoto wa miaka sita alikuwa ananifichia siri. Nilimwomba msamaha hapo hapo, glavu bado mkononi. Akasema sawa, kwa sauti ile ya watoto ambayo haikuambii kama ni sawa kweli.

Tukasuuza mara nne, tano, kisha tukaliacha likauke kabisa juani. Jioni tukaliteremsha, tukaliweka sakafuni penye usawa, magazeti chini, tukalijaza. Lita moja ni kilo moja, kwa hivyo ukishajaza usijaribu kulisogeza hata kidogo. Litakaa hivyo siku nzima tuone kama linavuja. Na samaki bado: jik imeua hata vile vijidudu vizuri vinavyogeuza amonia ya uchafu wao, na kuvikuza upya ni kazi ya wiki kadhaa. Kabla ya hapo maji ya mfereji yatatiwa dawa ya matone ya kuondoa klorini.

Kila baada ya muda mpwa wangu alikuwa anapiga magoti, anapapasa gazeti. “Kavu,” anatangaza.

Saa ya Doha na ya Nairobi ni moja, kwa hivyo kisingizio cha kwamba mamake amelala hakikuwepo. Saa tatu usiku simu ikaingia. Wakaongea shule, wakaongea jino lililong'oka. Halafu nikasikia, “Mum, ngoja. Anti ana kitu anataka kukuambia.”

Akaninyoshea simu, akarudi kupapasa gazeti.