Hawe na Piko

Mzee wa kwanza tuliyemrekodi alituuliza atalipwa ngapi. Tukamwambia hata sisi hatulipwi. Akatuangalia mmoja mmoja, vijana watano na stendi ya simu ya mia nane, akasema, "Basi nyinyi ndio mnaohitaji msaada." Tukamrekodi hivyo hivyo akiwa bado anatucheka. Mpaka leo hiyo ndiyo klipu ninayoipenda zaidi.

Kikundi chetu hakina jina wala ofisi. Kina projekta ya kuazima, spika moja yenye mkwaruzo na jenereta ambayo mwenyewe huipima petroli kwa kijiti kabla hajatupa na tukimrudishia. Tunaenda vijijini Kilifi, tunakaa na wazee siku mbili tatu wakisema chochote wanachotaka, kisha jioni tunawaonyesha majirani palepale kwenye shuka. Basi. Hakuna hotuba, hakuna fulana.

Mimi nilijiunga kwa sababu sikuwa na form. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo naandikia watu makala kuhusu magodoro na bima za magari, magari ambayo sina. Msee mmoja tuliyesoma naye akanipigia: "Wewe ni wa huko, unajua lugha, njoo." Sikumuuliza ni ya nini.

Ukizaliwa Kilifi huhitaji kuelezewa. Huku mvi si pambo. Wazee wamekatwa mapanga wakiitwa wachawi, na ukichimba kidogo, mara nyingi chini ya uchawi unakuta ekari. Mtoto akiugua ghafla, au kijana akianguka kwenye pikipiki, kuna mtu atauliza nani nyumbani amekaa sana duniani. Ndiyo maana Kaya Godoma, upande wa Ganze, pana mahali ambapo wazee waliofukuzwa kwao hupewa hifadhi. Ndiyo maana pia utakutana na mtu wa miaka 75 mwenye nywele nyeusi tii. Anazipaka piko. Ibara ya 57 ya Katiba inasema wazee waishi kwa heshima na bila kudhulumiwa, lakini Katiba hailali kijijini.

Filamu iliyowaamsha wenzangu ni The Letter, ya Maia Lekow na Christopher King, ya 2019. Inamfuata kijana anayetoka mjini kurudi kwao Kilifi baada ya kusikia nyanya yake, ajuza wa miaka 90 na ushei, ameitwa mchawi na watu wa familia. Kenya iliipeleka kushindania Oscar. Niliitazama usiku peke yangu kwenye keja, na nilipomaliza nilitaka kumpigia simu nyanya yangu. Sikupiga. Nitaeleza.

Kwanza niseme tulivyokosea. Kwenye kijiji cha kwanza tuliona tuanze na ile filamu ya Maruge, The First Grader. Wengi mnamjua: Kimani Maruge, aliyejiandikisha darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Sisi tuliona hiyo ndiyo dawa. Mzee shujaa, mwili unasisimka. Ilipoisha mzee mmoja akasimama akauliza, "Kwani mimi lazima nirudi shule ndio nionekane mtu?"

Hatukuwa na jibu. Na mimi niliyetoka chuo kwa miguu yangu nikiwa na miaka 22, wakati mtu wa 84 anavaa kaptura aingie, nilikuwa nimeshatafuta kazi ya kukunja nyaya.

Tangu siku hiyo tukaacha kuonyesha mashujaa. Tunaonyesha watu wakigombana kuhusu bao, wakilalamikia elfu mbili za Inua Jamii zilizochelewa, wakieleza jinsi walivyotongozana. Watu wazima kwa vijana hucheka mahali ambapo hatukutarajia. Sina takwimu za kukuambia kama hili linabadilisha chochote.

Zamu ya kijiji chetu ilifika, upande wa Kaloleni. Nyanya yangu, sisi twamwita Hawe, alinilipia karo ya mwaka wa kwanza na wa pili kwa kushona makuti. Ukitaka kujua ni makuti mangapi, usiulize, mimi nilipiga hesabu hiyo mara moja tu na sikulala. Kijiji kizima kilijua mjukuu wake anasomea uinjinia. Ndiyo maana sikuwa napiga simu. Na kulikuwa na jambo jingine: mwaka uliotangulia, kwenye matanga ya mtoto wa binamu yangu, ami yangu alisema mbele za watu, "Huyu mama, hiyo miaka anaitoa wapi?" Hakutaja uchawi. Hakuhitaji.

Nilimkuta Hawe uani. Nywele nyeusi kama za msichana. "Mume wangu amerudi," akasema, utani wake wa siku zote, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tulimwekea simu, tukamwambia aseme anachotaka. Nilidhani atasema makuti. Akaanza na mwaka wa njaa, 1984. Babu alikuwa mgonjwa hawezi kusimama, mgema alitaka pesa zake kwanza, na minazi ilikuwa imejaa. Mwanamke kwetu hapandi mnazi. Kwa hiyo Hawe alingoja watu walale, akafunga leso kiunoni, akashika vidato akapanda. Usiku baada ya usiku. Alisema kule juu kulikuwa na upepo mzuri, na mara ya tatu alikaa tu akala dafu, hakuwa na haraka ya kushuka. Alikuwa anacheka akisema hivyo, meno yote manne.

Usiku huo sisi watano tuligombana vibaya. Mwanamke aliyeitwa vile, halafu tumuonyeshe kwenye shuka akisema alikuwa juu ya mti usiku wa manane? Mmoja akasema tukate. Mwingine akasema tukikata, sisi ndio tunamfundisha kuogopa. Mimi nilikuwa upande wa kukata, sioni haya kusema. Ni rahisi kuwa jasiri kama basi lako la kurudi Nairobi ni Jumatatu.

Asubuhi nilimuuliza mwenyewe. Alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Weka." Nikamwambia watu watasema. Akasema, "Si wanasema tayari? Angalau waseme jambo nililolifanya."

Tukaweka.

Shuka tulilifunga kati ya minazi miwili. Watu wakajaa, watoto mbele kabisa, ami nyuma akiegemea pikipiki yake. Hawe alipofika pale pa usiku, kila mtu alinyamaza. Nilisikia jenereta tu. Nilihesabu mpaka kumi na kitu. Kisha mzee mmoja, jirani yetu wa mpakani, akainuka na fimbo yake akapaza sauti: "Kumbe ni wewe! Miaka yote hii namshuku mgema, na nazi zangu ulikuwa unakula wewe!"

Watu walianguka. Mama mmoja alicheka mpaka akakaa chini mchangani. Hawe naye akajibu kutoka kwenye kiti chake kwamba mnazi wenyewe ulikuwa umeinamia upande wake, na hao wawili wakaendelea kubishana juu ya mpaka huku vidio inakwenda na hakuna anayeitazama.

Ami hakucheka. Tulipokuwa tunakunja nyaya alinijia, akauliza taratibu, "Huo usiku, alipanda peke yake?" Nikasema ndiyo, si umemsikia. Akatikisa kichwa. Akakaa kidogo. Akasema nimtumie hiyo klipu kwa WhatsApp. Nilimtumia. Sijui anamwonyesha nani, na ameitazama akiwa na moyo gani. Jirani yule wa mpakani sasa hupita kwa Hawe kila jioni, eti anadai nazi zake.

Kabla sijaondoka nilimwambia Hawe habari za chuo. Nilikuwa nimeandaa maneno. Hakuniacha nimalize.

"Nilijua. Mtu wa chuo utampigia Jumanne saa nne asubuhi umkute amelala?"

Akaendelea kushona. Nikakaa hapo karibu naye nikimpa makuti, moja moja, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo. Wanja wa kuti ulipojaa akaniagiza: nikifika Mazeras nimnunulie piko, nimpe dereva wa matatu amletee.

Nikamuuliza bado anaitaka ya nini, baada ya yote yale.

"Yule mzee wa nazi," akasema, "anasema mvi zinaanza kuonekana."