Njaa Iliyonona

Watu wamezoea kuitambua njaa kwa mifupa. Mbavu zinazohesabika na mashavu yaliyobonyea ni ushahidi usiohitaji mfasiri, na mtazamaji huingiwa na huruma mara moja. Walakini iko njaa nyingine isiyokuwa na mashahidi hawa. Mtoto aliyepatwa nayo huwa mzito, kiuno chake hupanuka, na majirani hudhani kwamba kwao chakula kimejaa hata kikafurika. Mtoto huyo hapewi huruma. Hupewa lawama, na sehemu kubwa ya lawama hiyo humwangukia mama yake. Ni haki kuuliza kama imeanguka mahali pake.

Jibu limo katika ini. Kiungo hiki hupokea chakula kilichosagwa tumboni, huweka akiba na huisafisha damu, wala hakinung'uniki. Kwa sababu hiyo ugonjwa wake hukua kimya. Mafuta yanapojikusanya ndani yake kupita kiasi, aghalabu mtoto hasikii maumivu yoyote. Wengine hukaa hivyo bila dhara kubwa. Wengine ini lao huvimba, hupata makovu, na baada ya miaka mingi huweza kushindwa kazi yake. Zamani hali hii ilidhaniwa kuwa ni malipo ya walevi. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliieleza kwa watu wasiokunywa pombe, na mwaka 1983 ikaelezwa kwa watoto. Mwaka 2006 ulichapishwa uchunguzi wa maiti za watoto na vijana 742 wa wilaya ya San Diego, California. Kutokana nao ilikadiriwa kwamba karibu mmoja katika kila 10 alikuwa na mafuta ya ini.

Mwenye haraka atasema kwamba hao walikula mno, na kesi imekwisha. Lakini mwaka 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitoa habari za watoto wa jamaa zenye asili ya Amerika ya Kilatini waliofuatwa tangu utoto wao. Wale ambao nyumba zao zilikuwa na uhaba wa chakula walipokuwa na umri wa miaka 4 walionekana kuwa na uwezekano wa karibu mara 4 wa kupata ugonjwa huu baadaye kuliko wenzao. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, na mambo mawili kufuatana si hoja kwamba moja limezaa jingine. Urithi wa wazazi nao una sehemu yake. Hata hivyo habari hiyo yatosha kumnyamazisha mwenye haraka, maana nyumba zilizopungukiwa ndizo zilizozidi kutoa watoto wenye mafuta ya ini.

Fumbo hili hufumbuka mtu akitazama hesabu ya jikoni. Kodi ya nyumba haingoji, wala nauli ya kwenda kazini. Chakula peke yake ndicho kinachokubali kupunguzwa. Msaada wa serikali ya Marekani uitwao SNAP huingia mara moja kwa mwezi, na katika nyumba nyingi huisha kabla ya mwezi. Mama mwenye dola chache mkononi hanunui ladha wala uzuri, hununua shibe. Mkate mweupe, tambi za pakiti na vinywaji vya sukari hushibisha kwa bei nafuu kuliko samaki, matunda na mboga, wala havimuoziki mikononi. Sukari hiyo ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta na kuyaweka. Hivyo mama amefanya hesabu sahihi kwa fedha alizo nazo, na ini la mtoto limelipa tofauti ya bei.

Afrika inalo jambo la kukumbuka hapa. Mwaka 1933 Cicely Williams alieleza ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto wa Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Na mwaka 1954 Hugh Trowell na wenzake wa Kampala walichapisha kitabu kizima juu yake. Mtoto wa kwashakoo huvimba miguu, nywele zake hupauka, na ini lake hujaa mafuta. Magonjwa haya mawili si mamoja, na njia za mafuta kuingia katika ini si zile zile. Lakini yote mawili yatoa ushahidi mmoja: tumbo laweza kujazwa na mwili usilishwe.

Dawa yenyewe imekwisha jaribiwa. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya jaribio la wiki 8 kwa wavulana 40 wa Marekani wenye ugonjwa huu. Nusu yao waliendelea na chakula chao cha kawaida, na mafuta ya ini yakashuka kutoka asilimia 21 hadi 20 tu. Kwa nusu nyingine sukari iliondolewa karibu yote, na mafuta yakashuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Lililo kubwa zaidi ni namna ilivyofanyika: wavulana hao hawakupewa maonyo na kuachwa waende zao. Chakula kilipangwa na kutolewa kwa nyumba nzima, baba, mama na ndugu pamoja.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na hamjui zaidi njaa hiyo inapokuwa imenona. Daktari amwambiaye mama aache kununua soda asema kweli. Lakini kabla ya shauri hilo lipo swali moja linalostahili kuulizwa kwa upole: je, chakula huisha nyumbani kabla fedha nyingine haijapatikana? Mwaka 2023 karibu nyumba 18 katika kila 100 zenye watoto nchini Marekani zilihesabiwa kuwa na uhaba wa chakula. Mwaka 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba itaacha kufanya hesabu hiyo ya kila mwaka. Mizani ikiondolewa sokoni, mzigo haupungui uzito. Na huu umewekwa juu ya watoto.