Barua kutoka Texas: Kuitwa jeshini si kuokota dola

Ndugu zangu,

Juzi baba mdogo alinipigia saa tisa usiku, furaha imemjaa. Mpwa wangu, askari wa akiba wa jeshi la Marekani, ameitwa kazini kwa mwaka mzima. "Sasa dola zitamiminika. Mwambie kamati ya harusi inamtegemea." Sikulala tena.

Nawajua. Kamati yenu ikikaa tu, jina la mtu wa Marekani ndilo linaandikwa la kwanza. Lakini hapa mmekosea, baba mdogo, uniwie radhi.

Askari wa akiba hufanya mazoezi wikiendi moja kwa mwezi na wiki kama mbili kwa mwaka. Siku nyingine zote ni raia. Mpwa wangu ni fundi umeme. Akiitwa, sheria haimlazimishi mwajiri binafsi kumlipa, hivyo mshahara wa ufundi unakatika na anabaki na ule wa cheo chake jeshini, ambao ni mdogo. Jana nilikuwa jikoni kwao. Mkewe amebandika kwenye friji orodha ya matumizi: kodi ya nyumba, gari, mlezi wa mtoto. Kwenye mapato, neno "ovataimu" amelifuta kwa rangi ya zambarau ya mtoto. Huku wanapunguza, huko mnaongeza.

Kinachowasitiri ni karatasi. Sheria ya mwaka 1994 inamlindia kazi yake, na akirudi anahesabiwa kana kwamba hakuondoka. Sheria ya 2003 inashusha riba ya mikopo ya kabla ya kuitwa hadi asilimia 6, ila haishuki mpaka uombe.

Vijana wetu mlio kwenye akiba, mjulisheni mwajiri mapema, kwa maandishi, na mbaki na nakala. Kila anayewadai apelekewe barua pamoja na nakala ya amri ya jeshi. Mwenzi apewe hati ya uwakilishi, wosia uandikwe. Mkitumikia zaidi ya siku 180, ombeni kurudi kazini ndani ya siku 90 tangu mmalize utumishi.

Nanyi nyumbani, mpwa wangu anaondoka Jumatatu. Msimtumie kadi ya mchango. Mpigieni mkewe, mumuulize mtoto ameamkaje.