Hati Kwanza, Mabati Baadaye

Sisi wenye mshahara mdogo hatujengi nyumba kwa siku moja. Huku Kolwezi mtu hununua lupangu, yaani kiwanja chenye ua, pamoja na nyumba ya matofali na vyumba viwili au vitatu vya nyuma. Jamaa yake hukaa mbele, wapangaji hukaa nyuma, na kodi yao husaidia kulipa karo na kununua mabati. Nyumba ya namna hii ni kama shamba: ikitunzwa, huvunwa kila mwezi.

Lakini fedha ya kwanza yatoka wapi? Mwaka 1955, baada ya Mfalme Baudouin kuzuru Kongo, iliundwa Fonds du Roi ili kuwasaidia Waafrika kupata makao bora. Siku hizi jamaa nyingi hutegemea likelemba: watu kumi, kwa mfano, hutoa kiasi kilekile kila mwezi, na kila mmoja hupokea jumla yote kwa zamu. Likelemba haina riba, tena yafundisha uaminifu. Hata hivyo, zamu moja yatosha mabati, haitoshi nyumba. Ndipo mtu aendapo benki, na benki humwuliza, "Hati yako iko wapi?"

Hapo wengi hunyamaza. Kwa sheria ya mwaka 1973 ardhi ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa hati ya usajili. Karatasi ya kuuziana, hata ikishuhudiwa na majirani, haitoshi.

Sisi wa Kasulo twajua hatari nyingine. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba zetu, na watu wakachimba hata ndani ya vyumba vyao. Wengine walipata fedha za haraka. Wengine walifukiwa mashimoni, na kuta za majirani zikapasuka. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilitengwa kwa uchimbaji, na jamaa nyingi zikahamishwa kwa fidia. Madini yaliyo chini ya sakafu ni ya Serikali, si ya mwenye nyumba.

Jirani mmoja aliniuliza kama achimbe sakafu yake apate fedha za kutengeneza paa. Nikamwambia, "Ndugu, chumba cha kupangisha kitakulisha hata uzeeni; shimo hulipa mara moja, kisha hudai ukuta." Akajibu, "Mwalimu, watoto wangu wana njaa leo." Neno hilo ni la kweli, wala silidharau. Kwa hiyo msaada ufaao ni mkopo mdogo wa kulipwa polepole, tena unaoanza kwa kugharimia hati.

Basi, enyi wazazi, tafuteni hati kwanza, wekeni akiba pamoja, na mume asikope pasipo mke kujua. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.